Seti ya dakika 45 kwa gitaa moja na sauti moja: kupanga zilipendwa na kukariri maneno yasikutoke jukwaani

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kupiga gitaa na kuimba kwa wakati mmoja, na sasa anataka kusimama peke yake mbele ya watu na nyimbo ambazo kila mtu anazijua. Hapo ndipo ugumu ulipo. Wimbo wako mwenyewe ukikosea neno, hakuna atakayegundua. Ukikosea zilipendwa, ukumbi mzima unaimba neno sahihi wewe ukiwa umeshatamka jingine.

Kazi nyingi iko kwenye maneno, ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote. Ukiwa na haraka, ruka nyingine usome hiyo.

Hatua ya 1: Chagua nyimbo 14

Seti ya dakika 45 hubeba nyimbo 12. Wimbo wa wastani ukiwa dakika 3 na sekunde 15, hizo ni dakika 39. Weka nusu dakika kati ya wimbo na wimbo, umefika dakika 44 na ushee. Mbili zinazobaki ni za akiba: moja ya taratibu, moja ya kuchangamsha.

Kabla ya kuuingiza wimbo kwenye orodha, upige kwa kodi tupu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), bila mbwembwe, uimbe ubeti mmoja na kiitikio. Ukiona unachokikosa ni tarumbeta, besi au ngoma, uache hata kama unaupenda. Wimbo unaosimama kwa gitaa moja ni ule ambao sauti ya mwimbaji na maneno yake ndiyo yanayoubeba. Nyimbo zilizojengwa juu ya magitaa matatu yanayojibizana hupoteza uti wa mgongo zikiachwa kwa mtu mmoja, na hakuna ufundi wa mkono wa kulia utakaoziba pengo hilo.

Hatua ya 2: Weka ki inayokufaa wewe, si ile ya rekodi

Ki ni kimo cha sauti ambacho wimbo mzima unapigwa. Tafuta mstari wenye noti ya juu kuliko zote. Uimbe mara tano mfululizo, umesimama, kwa nguvu utakayotumia jukwaani. Ukiufikia vizuri mara mbili za kwanza halafu koo likaanza kubana, shusha nusu-toni 2 (nusu-toni moja ni hatua ya freti moja) ujaribu tena. Kisha angalia noti ya chini kabisa: ikiwa inageuka mnong'ono, umeshusha mno. Mwanamume anayeimba wimbo wa mwanamke, au kinyume chake, mara nyingi huhitaji kusogeza nusu-toni 4 hadi 6.

Ukishajua ki, tumia kapo (kibanio cha shingo ya gitaa kinachokandamiza nyuzi zote) ili ubaki na maumbo ya kodi yanayoacha nyuzi wazi zikilia. Kwa Bb, piga maumbo ya G ukiwa na kapo freti ya 3. Kwa Eb, maumbo ya D na kapo freti ya 1, au ya C na kapo freti ya 3. Kwa F, maumbo ya D na kapo freti ya 3. Kwa B, maumbo ya A na kapo freti ya 2. Mtu mmoja anahitaji mlio mpana kuliko bendi, na kodi za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja huunyonga huo mlio, achilia mbali uchovu wa mkono ukifika wimbo wa tisa.

Kapo ibandike karibu kabisa na freti, kwa nyuma yake, kisha tyuni upya baada ya kuiweka. Shinikizo lake huvuta nyuzi zikapanda kidogo, na kosa hilo husikika zaidi kwenye nyuzi nene.

Hatua ya 3: Fupisha

Ondoa solo, ondoa kiitikio cha tatu kinachorudiwa hadi sauti inafifia, na uamue leo wimbo unaishia kodi ipi. Rekodi ya dakika 4 na nusu ikibaki dakika 3, ni sawa. Kama wimbo una kipande cha gitaa ambacho watu huutambua kwacho, kiweke mwanzoni na mara moja katikati, basi.

Hatua ya 4: Kariri maneno

Andika maneno mwenyewe kwa kusikiliza rekodi. Kurasa za intaneti zimejaa makosa yanayonakiliwa kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na kosa ulilokariri ni gumu kulifuta kuliko neno usilolijua. Tumia karatasi na kalamu, wimbo mmoja ukurasa mmoja, ukikata mistari pale unapovuta pumzi. Usiandike kodi juu ya maneno. Kodi zikae mikononi. Zikiwa kwenye karatasi, macho yanazoea kuzitafuta.

Wimbo ukiwa wa lugha usiyoijua, pata kwanza maana ya kila mstari, na msemaji wa lugha hiyo akurekebishe matamshi. Silabi zisizo na maana husahaulika upesi mno. Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, alitumia silabi tupu makusudi ili maana isimsaidie.

Sasa ukariri wenyewe, na hapa ndipo wengi hupoteza wiki nzima kwa kusikiliza rekodi na kuimba pamoja nayo. Ukiimba na rekodi, mwimbaji anakutangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, nawe unamfuata ukidhani unakumbuka. Zima rekodi. Kinachojenga kumbukumbu ni kule kulitafuta neno kichwani mpaka lije. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima kwa kukumbuka walihifadhi zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena na tena, ingawa baada ya dakika chache wasomaji ndio walioonekana kuwa mbele. Ndiyo maana kurudia rekodi hukupa imani ya uongo: jioni unajiona umeiva, Jumamosi hamna kitu.

Jipime kwa karatasi ya vidokezo. Njia inayofundishwa sana ni kuandika herufi ya kwanza ya kila neno, lakini kwa Kiswahili haifai ilivyo, kwa sababu vitenzi vyetu huanza na viambishi vilevile. Chukua mistari hii:

Niliondoka alfajiri, mlango ukabaki wazi
Nilirudi magharibi, mlango haukuwa wazi

Herufi za kwanza zitakupa N a m u w na N m m h w, ambazo hazikusaidii kitu. Andika mzizi, au kipande kinachotofautisha neno, badala yake: *ond, alf, mla, bak, waz*, kisha *rud, mag, mla, hauku, waz*. Pale ambapo mzizi ni uleule na wakati tu ndio unaobadilika, kama nilikungoja, nimekungoja na ningekungoja, andika kiambishi cha wakati na ukizungushie duara: li, me, nge. Makosa mengi ya jukwaani kwenye nyimbo za Kiswahili ni ya hapo, na hugeuza maana ya ubeti mzima.

Jihadhari na vina pia. Kina kinakusaidia kukumbuka mwisho wa mstari, lakini mistari miwili yenye kina kimoja na mizani sawa inabadilishana nafasi bila wewe kuhisi, kwa kuwa kila kitu kinaingia vizuri kwenye mdundo. Ukiona jozi ya namna hiyo, tafuta sababu ya mmoja kuja kwanza: alfajiri kabla ya magharibi, kuondoka kabla ya kurudi. Pasipo na sababu, tunga picha yako.

Anza na ubeti wa mwisho. Kawaida mtu huanza juu, akikwama anarudi juu, hivyo ubeti wa kwanza unaimbwa mara 40 wakati wa tatu umeimbwa mara 6. Ukikariri kutoka mwisho kuja mwanzo, kila unaposonga mbele unaingia kwenye eneo unalolijua zaidi. Kwa vyovyote, ubeti wa katikati utabaki dhaifu kuliko wenzake. Upe mazoezi mara mbili.

Kisha viungo. Hiki ndicho kinachowaangusha hata wanaojua kila neno. Kiitikio ni kilekile kila mara, kwa hiyo kikiisha akili haina ishara ya kuiambia kama inakwenda ubeti wa pili au wa tatu. Ukijua beti zote bila kukosea lakini hujafanya mazoezi ya viungo, utatoka kwenye kiitikio na kuingia ubeti wa kwanza tena, au utafungua mdomo pasitoke kitu. Fanya hivi:

- Imba mstari wa mwisho wa kiitikio na mstari wa kwanza wa ubeti unaofuata, peke yake, mara 5 kwa kila kiungo.
- Changanya mpangilio: andika 1, 2, 3 kwenye vipande vya karatasi, okota kimoja, uingie ubeti huo moja kwa moja.
- Kila ubeti upe neno moja la kubebea, linalosema nini kimebadilika tangu ubeti uliopita: "kuondoka", "barua", "kurudi". Kariri maneno hayo matatu kama orodha.
- Kwenye vipimo viwili (baa mbili) vya gitaa baada ya kiitikio, litamke neno hilo kimoyomoyo kwenye pigo la kwanza kabisa. Ukisubiri pigo la mwisho umechelewa, kwa sababu mdomo unahitaji kuwa tayari kabla ya pumzi.
- Kama bado viungo viwili vinafanana, badilisha gitaa: kabla ya ubeti wa pili cheza kipimo cha ziada, kabla ya wa tatu donoa badala ya kucharaza. Mkono utakukumbusha.

Rudia wimbo siku ya 1, 2, 4, 7 na 14. Jaribio la kwanza la siku ndilo linalohesabika. La pili lina joto la la kwanza. Wimbo umeiva ukipita jaribio la kwanza bila kosa siku tatu tofauti. Usikariri zaidi ya nyimbo mbili mpya kwa wiki, na zisiwe za mwendo mmoja wala mada moja, zitaingiliana.

Gitaa liingie kwa awamu. Kwanza sema maneno kama msomaji wa taarifa ya habari, haraka, bila mdundo. Halafu yaimbe huku ukicharaza kodi moja tu. Kisha kodi zote, metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) ikiwa kwenye asilimia 70 ya kasi halisi. Maneno yakipotea mara gitaa linapoingia, tatizo ni mkono ambao bado unahitaji kufikiriwa. Rekebisha mabadiliko ya kodi peke yake, usilaumu kumbukumbu.

Mwisho, toka kwenye kiti. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwapa wapiga mbizi maneno ya kukariri, mengine chini ya maji na mengine nchi kavu. Waliyojifunza mahali pamoja yalikumbukwa vizuri zaidi mahali palepale. Aliyekariri amekaa kitandani amefumba macho atapata shida akiwa amesimama, mkanda wa gitaa begani, taa usoni. Fanya mazoezi umesimama, macho wazi, redio ikiongea pembeni, na siku moja mtu akiwa amekaa mbele yako akikutazama.

Kuhusu tableti kwenye stendi: siitaki jukwaani. Macho yakishajua kuna maandishi, yataenda huko hata pale unapokumbuka, na kumbukumbu haikui tena. Karatasi moja sakafuni inatosha, maandishi ya kalamu nene yenye urefu wa sentimita 2: jina la wimbo, kapo, ki, na neno la kubebea la kila ubeti.

Hatua ya 5: Panga mfuatano

Wimbo wa kwanza uwe ule unaoujua kupita yote, wa sauti ya kati, wa kucharaza. Fundi mitambo atakuwa bado anarekebisha sauti yako. Mpya ziweke nafasi ya 3 hadi 5, mikono ikiwa imepata joto na wewe hujachoka. Epuka nyimbo mbili mfululizo zenye ki ileile na mcharazo uleule, kwani kwa gitaa moja zinasikika kama wimbo mmoja mrefu. Zenye kapo freti moja zikae jozi jozi, na zinazohitaji uzi wa sita kushushwa hadi D ziwe pamoja. Mwisho ni kiitikio ambacho watu wote watakiimba.

Hatua ya 6: Piga seti nzima

Mara tatu, kwa saa, pamoja na maneno ya katikati na kuhamisha kapo. Jirekodi kwa simu na usikilize kasi. Wengi huongeza mwendo kuanzia wimbo wa pili. Nyuzi mpya ziweke siku moja au mbili kabla, zipate kutulia.

Maneno yakikutoka

Mkono wa kulia usisimame. Piga mzunguko mmoja wa kodi za ubeti kana kwamba ndivyo ulivyopanga. Mara nyingi neno linarudi kabla mzunguko haujaisha. Lisiporudi, imba ubeti wa kwanza tena, au ingia kiitikio uwaachie watu. Usiombe radhi na usitikise kichwa, maana uso ndio unaowaambia kuna kosa. Fanya mazoezi ya jambo hili pia: nyumbani, mwenzako aseme "potea" wakati wowote anapotaka, nawe utoke humo bila kuvunja mdundo. Wimbo uliokutoka jukwaani urudishe kwenye ratiba ya siku 1, 2, 4, 7 na 14 kuanzia kesho yake, ukianzia kiungo kilichokatika.