Kuongeza nodi pepe kwenye Slurm bila kusimamisha kazi za wengine

Hapa nachukulia maabara ndogo ya kawaida ya Arusha au Moshi: seva moja yenye KVM (ya kuendesha mashine pepe), UPS ya kubahatisha na intaneti inayopotea mvua ikinyesha. Slurm ni programu inayogawa kazi kwa mashine kadhaa, kila mashine ikiitwa nodi. Nodi za kujiunga zenyewe zilianza na Slurm 22.05. Ubuntu 22.04 inakuja na 21.08, kwa hiyo weka 24.04.

Hatua ya 1. Kwenye seva kuu, ongeza hizi katika `slurm.conf`, kisha anzisha upya slurmctld (huduma kuu ya Slurm):

```
SelectType=select/cons_tres
MaxNodeCount=32
ReturnToService=2
NodeSet=kundi Feature=pepe
PartitionName=pepe Nodes=kundi State=UP
```

Kazi zinazoendelea hazikatiki, mradi awali hukuwa na `select/linear`; ukibadilisha kutoka hiyo, taarifa za kazi zote hupotea, kwa hiyo subiri kwanza ziishe.

Hatua ya 2. Nakili mashine mama kwa `virt-clone`, na kabla hujaiwasha:

```
virt-sysprep -d nodi2 --operations machine-id,customize --hostname nodi2
```

Ukiruka hapa, nakala mbili hubaki na machine-id (kitambulisho cha mashine) ileile, DHCP inazipa IP moja, na zinapokezana kupotea.

Hatua ya 3: saa. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu kosa hujitokeza kama tatizo la ufunguo. Munge ndiyo huthibitisha utambulisho kati ya mashine za Slurm, na ufunguo wake, `/etc/munge/munge.key`, lazima iwe moja kote, mali ya munge, ruhusa 0400. Lakini hata ufunguo ukiwa sawa, munge hukataa hati iliyopishana na saa yake kwa zaidi ya sekunde 300. Nodi ikiwa nyuma, logi ya seva kuu husema "Expired credential". Ikiwa mbele, "Rewound credential". Ukiona hayo, acha ufunguo, tazama saa.

Umeme ukikatika na mashine ikalazwa kwa `virsh managedsave`, huamka na saa ya zamani. Kulinganisha saa tumia chrony, timesyncd iondoe tu. Chrony ya Ubuntu huja na `makestep 1 3`, yaani huruka kwenye marekebisho matatu ya mwanzo pekee, baadaye huvuta taratibu: kuchelewa kwa saa moja huweza kuchukua karibu saa 12. Kwenye nodi andika:

```
server 192.168.122.1 iburst
makestep 1 -1
```

Futa mistari ya `pool`. Seva kuu (hapa ndiyo yenye KVM) iwe na `allow 192.168.122.0/24` na `local stratum 10`, ili nodi zikubaliane hata intaneti ikiwa imekufa. Jaribu pande zote mbili:

```
munge -n | ssh nodi2 unmunge
ssh nodi2 munge -n | unmunge
```

Hatua ya 4. Nakili `slurm.conf` kwenye nodi, jaza `/etc/hosts`, kisha katika `/etc/default/slurmd` (slurmd ni huduma ya Slurm ya kwenye nodi) andika:

```
SLURMD_OPTIONS="-Z --conf Feature=pepe"
```

RealMemory usiiandike, slurmd itaipima yenyewe. Mashine uliyoipa MB 8192 huona pungufu ya hapo, na ukiilazimisha 8192 nodi inatolewa kazini kwa "Low RealMemory".

Anzisha slurmd, `sinfo` itaionyesha idle (iko tayari, haina kazi).

Kuiondoa: weka drain (isipokee kazi mpya), subiri kazi ziishe, zima slurmd, kisha `scontrol delete NodeName=nodi2`.