Dawa za gundi ya nyuki nyumbani: ya matone, ya kupaka na ya asali

Shemeji yangu anafuga nyuki Sikonge, na miaka yote gundi aliyokuwa akiikwangua mizingani ilikuwa inaishia kwenye nyasi. Majuzi tumetengeneza naye dawa, na maswali aliyoniuliza ndiyo yamenifanya niandike haya. Sielezi namna ya kufungua mzinga wala kutumia bomba la moshi. Kama unafuga, unajua.

Kumbuka jambo moja tangu mwanzo. Gundi ni utomvu ambao nyuki huukusanya kwenye machipukizi na magome ya miti, kisha wakauchanganya na nta. Takriban nusu yake ni utomvu na kama theluthi ni nta. Tunachotaka ni utomvu. Nta ni msumbufu, na kazi karibu yote iliyo hapa chini ni ya kuitenga.

Hatua ya 1: Kukwangua

Kwangua kwenye mbao safi tu. Gundi iliyoshika kwenye rangi, misumari yenye kutu au bati iache hapohapo, kwa sababu hunyonya inachokigusa, na rangi nyingine zina madini ya risasi. Ya mizinga ya magome huja na vipande vya magome, haina neno, tutaviondoa.

Ukitaka gundi safi zaidi, tandika wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 2 hadi 4 chini ya kifuniko, uache upenyo mdogo wa hewa na mwanga. Nyuki hawavumilii upenyo, wataujaza. Lakini usitumie chandarua. Vyandarua vingi tulivyo navyo majumbani vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Itawadhuru nyuki, na kinachobaki kitaingia kwenye chupa yako. Hata kuchujia asali hakifai, ingawa najua wengi wanafanya hivyo.

Hatua ya 2: Kugandisha, kuponda, kuosha

Weka kwenye friza usiku kucha. Gundi ya joto inanata kama ulimbo, ya baridi inavunjika. Ponda kwenye kinu upesi kabla haijalainika. Blenda achana nayo: mota inapasha joto, gundi inashika visu, na hiyo blenda haitasaga embe tena.

Mimina unga kwenye maji baridi sana, koroga, acha utulie. Nta na magome huelea, gundi huzama. Engua vya juu, mwaga maji, anika kivulini juu ya karatasi. Juani itayeyuka.

Hatua ya 3: Spiriti

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa sana.

Maji peke yake huchukua kidogo mno. Chemsha gundi hadi jioni, utapata maji ya njano yenye harufu nzuri na donge lilelile chini ya sufuria. Inahitaji pombe, na si pombe yoyote.

Spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, usiitumie, iwe ya buluu au isiyo na rangi. Hutiwa methanoli (pombe yenye sumu) au vitu vingine makusudi ili watu wasiinywe. Utaniambia wewe ni wa kupaka tu. Chupa ya nyumbani haina matumizi mamoja: leo umepaka, kesho mtoto anakohoa na bibi anammiminia kijiko. Vitakasa mikono navyo hapana. Vingine vina pombe ya aina tofauti kabisa, pamoja na glisirini na manukato.

Gongo pia hapana. Hujui kilichomo ndani yake, na methanoli hupofusha na kuua bila harufu ya kukuonya. Ule mtindo wa kuwasha kiberiti na kutazama kama mwali ni wa buluu haukuambii kitu. Pombe safi huwaka buluu, na methanoli huwaka hivyohivyo.

Unachotafuta ni ethanoli (pombe inayonyweka) ya daraja la chakula, asilimia 96. Muulize muuzaji waziwazi kama inaweza kuingia kwenye chakula, na usome lebo mwenyewe. Akianza kusitasita, ondoka. Ile ya maabara ya asilimia 99.9 isikuvutie kwa usafi wa jina lake, kwa sababu nyingine hukaushwa kwa kemikali zisizofaa kuingia mdomoni. Ukikosa kabisa, vodka ya dukani ya asilimia 40 ni salama. Dawa itakuwa dhaifu, basi.

Usiitumie hiyo 96 kama ilivyo. Ikiwa kali mno inabeba nta nyingi, na dawa inakuwa na ukungu usioisha. Kwenye asilimia 70 utomvu unatoka vizuri na nta nyingi inabaki chini. Hesabu yake: pima mililita 730 za ethanoli ya 96, kisha ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike lita 1. Nasema *mpaka ifike*. Ukipima 730 na 270 ukachanganya, hupati lita kamili, kwa sababu maji na pombe vikikutana ujazo hupungua kidogo. Mchanganyiko pia unapata joto, hivyo usubiri upoe ndipo ujazie hadi kwenye alama. Kwa kipimo cha leo tunahitaji mililita 400: anza na 292, jazia hadi 400.

Na moto. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 tu, na mvuke wake unadaka mwali kutoka mbali. Jiko la mkaa, gesi, kibatari, sigara, vyote viwe nje ya chumba. Wapo wanaoipasha ili wamalize siku moja. Siwaungi mkono. Wiki mbili za kungoja hazina gharama.

Hatua ya 4: Kuloweka na kuchuja

Gramu 100 za gundi, mililita 400 za ile ethanoli uliyoichanganya, ndani ya chupa ya kioo ya rangi ya kahawia. Plastiki hapana. Weka kabatini, tikisa kila siku kwa wiki mbili.

Kabla ya kuchuja, iweke kwenye friji usiku mmoja ili nta igande. Chuja ikiwa bado ya baridi, kwanza kwa kitambaa cha marekani, kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Itadondoka polepole sana, usikamue.

Hatua ya 5: Ya kupaka

Mafuta gramu 100, nta gramu 15, unga wa gundi gramu 10. Weka bakuli la kioo juu ya sufuria ya maji yanayofuka bila kuchemka, koroga mafuta na gundi kwa nusu saa hivi, chuja kwa kitambaa, rudisha, tia nta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo hakuna haja ya moto mkali. Mimina kwenye vikopo.

Mimi natumia alizeti ya Singida. Mafuta ya nazi yananukia vizuri, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25: marhamu iliyo ngumu Njombe itakuwa uji Dar es Salaam. Ukiwa pwani, fikisha nta gramu 20.

Hatua ya 6: Ya asali

Kwa asiyetumia pombe: unga laini wa gundi gramu 10 kwenye asali gramu 200. Koroga, funika, koroga tena kila siku kwa wiki moja. Basi.

Kabla ya kutumia

Paka tone moja ndani ya mkono, chini ya kiwiko, usubiri siku mbili. Gundi ni maarufu kwa kuleta mzio wa ngozi. Mwenye pumu, au anayedhurika na asali au nyuki, asiijaribu kabisa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, amuulize daktari kwanza. Ya matone, yenye ethanoli, si ya watoto wala wajawazito. Ya asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Machoni na masikioni hakuna inayoingia.

Mimi naitumia kusukutua koo, matone 10 hadi 20 kwenye nusu glasi ya maji vuguvugu, na marhamu kwenye michubuko midogo. Haitibu kisukari, saratani wala malaria, hata kama aliyekuuzia stendi alikuapia. Kidonda kinachonuka au homa isiyoshuka ni cha hospitali. Ukitaka kuuza, anzia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kabla ya kuchapa lebo.

Vyombo vifute kwa ileile spiriti ya duka la dawa niliyoikataa juu, kisha uvioshe kwa sabuni. Ukianza na maji ya moto, gundi itasambaa hadi kwenye mfereji wa sinki.