SOMO: Umeandikiwa kipimo cha picha? Soma hapa kabla hujatoka nyumbani

Nafanya kazi chumba cha mionzi hapa Dodoma. Simu ni zilezile kila wiki, kwa hiyo naandika mara moja tu.

1. Soma karatasi ya daktari. Eksirei na siti skani hutumia mionzi, altrasaundi ni mawimbi ya sauti, MRI ni sumaku na mawimbi ya redio. Maandalizi hayafanani.

2. Beba picha za zamani.

3. Eksirei: vua mkufu, hirizi, sidiria yenye waya. Mjamzito, au siku zimepita? Sema kabla.

4. Altrasaundi ya tumbo la juu. Hapa ndipo nilipochemka. Mama yangu alikuwa anatoka Kondoa na basi la alfajiri. Nikamwambia "usile kitu", akaitika. Basi liliposimama Mayamaya akanywa chai ya maziwa, maana kwake chai si kula. Kosa ni langu, sikufafanua. Maziwa yana mafuta, na mafuta yakifika tumboni mfuko wa nyongo hujikamua ukasinyaa. Sisi tulikuwa tunatafuta vijiwe ndani ya mfuko huohuo! Ikabidi alale kwangu, kesho tukaanza upya. Kwa hiyo kaa muda wa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo bila chakula, chai, maziwa, uji wala togwa. Maji matupu kidogo ruksa, na dawa ya presha meza nayo. MWENYE KISUKARI usijifungie tu na njaa: uliza kwanza kuhusu dawa zako, omba nafasi ya asubuhi.

5. Altrasaundi ya kizazi au kibofu: kinyume chake. Kunywa maji kama lita 1, saa moja kabla, ujikaze usikojoe.

6. MRI: taja chuma chochote kilichomo mwilini. Mafundi wa kuchomelea, hata kibanzi kilichowahi kuruka jichoni. Sumaku ile haizimwi mgonjwa akitoka.

MASWALI

Zabibu Chungu: Mkuu, juisi ya zabibu je? Hiyo haina maziwa.
– Hatua ya 4. Maji MATUPU.

Kijana wa Mpwapwa: Nina altrasaundi kesho, nile au nisile?
– Ya wapi? Tumbo la juu au kizazi? Ndiyo maana hatua ya 1 ipo.

Bi Mdadisi: Samahani kaka, ile jeli ya baridi na maji mengi vinasaidia nini?
– Swali zuri dada. Sauti ya altrasaundi haipiti vizuri kwenye hewa. Jeli inaondoa hewa kati ya kifaa na ngozi. Kibofu kikijaa kinasukuma utumbo wenye gesi pembeni, na maji yake yanapitisha sauti vizuri, kwa hiyo kizazi kinaonekana kama kupitia dirishani.

Mzee wa Hombolo: Kama eksirei ni salama mbona nyie mnakimbilia nje?
– Mzee wangu, shikamoo. Wewe unapigwa moja, mimi nipo hapo kutwa, mwaka mzima. Eksirei moja ya kifua ni kama mionzi ya asili unayoipata kwa siku 10 hivi. Siti skani ni nyingi zaidi, ndiyo maana hatuipigi kwa kuombwa tu.

Zabibu Chungu: Filamu yangu imejikunja, niliiweka chini ya godoro.
– Isimamishe nyuma ya kabati, ndani ya bahasha yake. Mbali na bati, joto linaiharibu.

Bi Mdadisi: Na mama vijiwe vilikuwepo?
– Vilikuwepo, akafanyiwa upasuaji, mzima. Ila siku hizi hata akija kunisalimia tu, hagusi chai njiani.