Kabla hujaenda mkutano wako wa kwanza wa AA

AA (Alcoholics Anonymous) ni makundi ya watu wenye shida ya pombe wanaokutana kusaidiana kuacha. Tafuta kundi kwanza. Ukiwa Kenya piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uulize mambo mawili: kundi lililo karibu nawe, na hospitali inayopokea watu wanaoacha pombe. Usiamini ratiba iliyobandikwa mtandaoni. Mikutano mingi ya AA hukaa kwenye kumbi za kuazima, za kanisa au za shule, na ukumbi ukibadilika ile ratiba ya zamani inaendelea kuzunguka tu. Zungumza na mtu wa kundi lenyewe siku hiyohiyo unayotaka kwenda. Mwulize mlango ni upi, kwa sababu hutakuta bango barabarani. Mwulize lugha. Mwulize kama mkutano ni wa wazi, ambao hata mkeo au ndugu yako anaweza kuketi, au ni wa kufungwa, wa wenye shida ya pombe peke yao.

Ada hakuna. Kikapu kitapita, tia ulicho nacho au mpitishie jirani. Anayekudai pesa ya kujiandikisha si AA. Huenda ni kituo cha matibabu, na hapo dai kuona kibali chake kabla hujatoa hata mia.

Andaa nauli ya kwenda na kurudi. Chagua njia isiyopita pale unapokunywa. Ukijitambulisha, jina moja latosha.

Sasa hili ndilo linaloua: usiache pombe ghafla nyumbani ili ufike mkutanoni ukiwa safi. Mambo huenda hivi. Mtu amekunywa kila siku kwa miaka. Mkutano ni Jumapili, kwa hiyo anaapa kwamba glasi ya Ijumaa usiku ndiyo ya mwisho. Jumamosi asubuhi anashika kikombe kwa mikono miwili na chai bado inamwagika. Jasho linamtoka, anatapika, moyo unaenda mbio. Nyumbani wanamtia moyo: vumilia, sumu inatoka. Usiku huo anaanguka kifafa, yeye ambaye hajawahi kuwa na kifafa maishani. Au anapona hapo, kisha Jumatatu anaanza kufukuza panya wasiokuwepo ukutani na kubishana na marehemu, mwili unawaka moto. Majirani wanasema amerogwa, anapelekwa kwenye maombi, na saa za kumfikisha hospitali zinapotea hivyo.

Si uchawi. Pombe huulegeza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujikaza mchana kutwa ili usilale. Ukiiondoa pombe mara moja, ule mkazo unabaki bila cha kuuzuia. Dalili za kwanza huanza saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho, kifafa mara nyingi huja ndani ya saa 48, na maruweruwe makali kati ya siku ya pili na ya nne. Haya yote yana dawa. Hospitalini hutoa diazepamu, dawa ya kutuliza ubongo, kwa kipimo kinachoshushwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, maana mnywaji asiyekula vizuri huwa ameishiwa nayo. Akitundikiwa glukosi kabla ya hiyo B1, ubongo unaweza kudhurika, kwa hiyo ndugu mnaomsindikiza semeni mapema kwamba mgonjwa ni mnywaji. Hizo diazepamu msijinunulie dukani. Zikikutana na chang'aa tumboni zinaweza kukata pumzi.

Kama ukiamka lazima unywe ndipo mkono utulie, au uliwahi kuanguka ulipojaribu kuacha, hospitali inatangulia kundi. Mwambie daktari kiasi halisi, kwa chupa na kwa glasi, pamoja na ile ya asubuhi ya kutoa loki, yaani kutuliza uchovu wa pombe ya jana. Watu hutaja nusu kwa aibu, na dawa nayo inapimwa kwa hiyo nusu.

Mkutano ukiwa kesho na bado unakunywa, nenda hivyohivyo. Sharti la AA ni moja: uwe unataka kuacha. Ukifika umelewa, kaa nyuma usikilize, maneno yako yangoje wiki ijayo.

Usilipime kundi kwa siku moja. Nenda hata mara sita. Sponsa, yaani wa kukushika mkono katika zile hatua 12 za AA za kuacha pombe, awe wa jinsia yako na awe amekaa mwaka na zaidi bila tone. Mcheshi kuliko wote si lazima awe ndiye. Muislamu asiogope ukumbi wa kanisa: hatua zinamtaja Mungu kwa jinsi kila mtu anavyomfahamu, na hakuna atakayekubatiza.

Kabla ya kuingia kundi la WhatsApp badilisha picha na jina, maana namba yako itaonwa na kila aliyemo. Wenzako wameahidi siri. Watoto wanaochezea simu zao hawajaahidi. Ukipewa disulfiramu, dawa inayokufanya uugue ukinywa pombe, soma kibandiko cha kila dawa ya kikohozi na ya kusukutua, maana nyingine zina pombe. Usikopeshe wala kukopa ndani ya kundi. Miezi ya kwanza usikubali kushika bajeti ya vinywaji kwenye harusi ya mtu, hata kama ni ya binamu, na usikae na pesa taslimu nyingi siku ya mshahara, hasa ikiangukia Ijumaa.