Somo: Namna ya Kuhamisha Vibao vya Kuonyesha Mwendo Mjini Mbeya

Kibao cha kuonyesha mwendo kina rada ndogo na taa zinazomwandikia dereva anayekikaribia tarakimu ya mwendo wake. Hakina uhusiano na tochi ya trafiki, yaani kifaa cha polisi cha kupimia mwendo, na hakimwandikii mtu faini. Nguvu yake yote imo katika ugeni wake: dereva wa daladala anayepita hapo kutwa hukizoea ndani ya wiki chache, kisha hukiona kama anavyoiona nguzo ya umeme. Kwa sababu hiyo, ningependelea kamati yenu ya usalama barabarani iwe na vibao viwili vinavyozungushwa kwenye vituo sita kuliko vibao sita vilivyosimikwa moja kwa moja.

Hatua ya kwanza ni kuchagua vituo na kuomba ruhusa. Barabara kuu ya kwenda Tunduma, inayopita Uyole, Mwanjelwa, Iyunga hadi Mbalizi, iko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara), ilhali barabara za mitaa ziko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini). Barua ikipelekwa kusiko, itakaa mezani. Tafuteni mahali penye shule, soko au kivuko, ambapo mwisho wa mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa na barabara imenyooka kwa mita 100 hivi kabla ya kibao.

Hatua ya pili, ambayo wengi huifanya kwa haraka, ni kufunga na kuelekeza kibao. Fungeni vishikizo vya kudumu kwenye kila nguzo, ili siku ya kuhama kinachobebwa kiwe kibao na betri tu. Kiwe juu ya kichwa cha mtembea kwa miguu, na kiwaangalie madereva karibu ana kwa ana, kwa maana rada hupima ile sehemu tu ya mwendo inayoielekea. Kikikaa upande kwa nyuzi 20, gari linalokwenda 60 litaandikiwa 56, na dereva atakayelinganisha na dashibodi yake hatakiamini tena. Kwa nyuzi 5 tofauti haionekani. Paneli ya jua ilalie kidogo kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ikweta, na kati ya Novemba na Aprili, mawingu yanapotanda, betri ya akiba iwe tayari.

Hatua ya tatu: wiki ya kwanza taa zizimwe, rada ihesabu kimya kimya. Bila takwimu hizo hamtajua kama kibao kimesaidia. Msitazame wastani peke yake, bali ule mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi.

Hatua ya nne ni kuwasha taa kwa wiki mbili au tatu, kisha kuhama. Hamisheni Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, mkiwa na koni na vizibao vya reflekta. Utaratibu wa vituo usitabirike, na kituo kilichoachwa kipumzishwe miezi miwili hivi kabla ya kurudiwa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Huku kwetu vijana wa bodaboda wanashindana nani ataandikiwa namba kubwa. Tufanyeje?*

Marahaba. Vibao vingi vina mpangilio wa kikomo cha juu. Kiwekeni 70, ili anayezidi hapo asione tarakimu yoyote, bali maneno ya kumtaka apunguze mwendo. Mashindano yasiyo na matokeo hayana mchezaji.

*Kwa nini tusijenge matuta tu, mambo yaishe?*

Kwenye barabara ya mtaa, mbele ya shule, tuta linafaa kuliko kibao, nami sibishani na hilo. Kwenye mteremko kama wa Iwambi, lori lenye shehena ambalo breki zake zimekwisha kupata moto si la kuwekewa tuta ghafla. Kumbukeni pia kwamba kutoka 50 hadi 60 nishati ya mgongano huongezeka kwa asilimia 44, hivyo hata kupunguza kilomita chache si jambo dogo.

*Je, tukiona kituo fulani mwendo haushuki kabisa?*

Msikiongezee muda. Chapisheni takwimu zake zikionyesha saa ambazo mwendo unapanda, mzipeleke kwa polisi wa usalama barabarani pamoja na nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, ili tochi ipelekwe hapo kwa saa hizo, na kibao kihamie kituo kinachofuata.