Umepangiwa kituo cha zimamoto Dar? Soma hii kabla hujafunga begi

Juzi kuna dogo kanipigia, katoka depo, chuo cha mafunzo, kapangiwa Dar, anauliza kaka nibebe nini. Nikamwambia beba soksi za kutosha, ndala, kufuli na chaja, sufuria usibebe zipo. Akasema hiyo tu? Nikamwambia ya kwenye begi ni hiyo tu, iliyobaki haibebeki, ngoja ntaandika maana sio we peke yako unayeuliza, kila ajira mpya zikitoka simu yangu hailali.

Tuanze na kufika. Kama umepangiwa kile cha pale Morogoro Road hata usihangaike na ramani, panda mwendokasi au daladala mwambie konda Faya, kituo kizima cha basi kimechukua jina kwetu. Kingine chochote, iwe Temeke, Kinondoni au Kigamboni ng'ambo ya pili, uliza bodaboda watakupeleka. Fika mapema. Kwetu zamu inapokelewa asubuhi na ukifika saa moja kamili ujue umechelewa, wenzio saa moja kasorobo wapo wamevaa na wanaangalia nani anaingia getini anafunga mkanda huku anatembea.

Salamu inawachanganya sana wageni. Kituoni utamkuta koplo mtu mzima kabisa, watoto wake wako chuo, na mkaguzi msaidizi kijana mdogo tu ambaye mtaani angemwamkia huyo koplo. Sasa we kuruta wa jana unafanyaje? Kwenye paredi fuata tepe na nyota, jambo afande, unakaza, basi. Jikoni fuata umri, yule koplo mpe shikamoo yake na utaona hata yule mkaguzi akishaingia jikoni anamwamkia. Na afande unamwita kila aliyekuzidi, mwanamke au mwanaume, usianze mambo ya dada dada kwa sababu tu anayekupa amri ni mwanamke, tuna wanawake kwenye zamu wanabeba ngazi kuliko wewe.

Ukishapokelewa, kabla ya chai, kagua gari. Hapa ndo watu wanakupima bila kukwambia kitu. Kila zamu inapokabidhiana vifaa vinahesabiwa, hozi ngapi, branchi (kile kichwa cha hozi kinachotoa maji), ufunguo wa haidranti (bomba la maji la zimamoto la mtaani), kamba, tochi, mitungi ya hewa. Usiwe unasema "ipo" kwa kutazama kwa mbali. Shika. Tochi iwashe. Mtungi soma geji. Mtungi wa kawaida wa lita 6.8 ukijazwa mpaka ba 300 (ba ndo kipimo cha mgandamizo kwenye geji) una hewa kama lita 2,000, na kwa mtu anayevuta hozi kwenye ngazi huku anahema kama ng'ombe wa mkokoteni hiyo hewa inaweza isifike nusu saa, sasa wewe ukiandika ba 300 wakati ipo 220 kwa uvivu tu wa kuinama, umemwibia mwenzako dakika ambazo atazitafuta ndani ya moshi asizione. Mi niliwahi kukuta hivyo, sisemi kituo gani, nilivaa mtungi nikiamini maandishi ya mtu, filimbi ya mtungi ya kuonya hewa inaisha ikaanza kulia wakati ndo kwanza tumefika korido. Tulitoka salama. Yule jamaa hakuchapwa wala hakushtakiwa ila miezi na miezi kila akisema kitu, hata akisema Yanga kashinda, mtu anamjibu "umeshika geji?"

Hozi nayo ndo kazi ya ajira mpya, tusidanganyane. Mkirudi kutoka eneo la tukio saa tisa usiku mmelowa mnanuka moshi, hozi lazima ioshwe, ianikwe, na ile kavu ipakiwe garini kabla mtu hajalala, maana kengele haiulizi kama mmekula. Wewe usisubiri kuambiwa. Lakini angalia pia nani mwingine anashika hiyo hozi, kwenye zamu nzuri utamkuta sajenti mzima kakunja suruali anaosha na anapiga stori, na stori za kuosha hozi ndo darasa lenyewe, pale ndo utaambiwa kwanini mlango ulifunguliwa vile, kwanini dereva alipaki mbali, nani alikosea. Mchana ofisini hakuna atakayekwambia hayo.

Na koti lako la moto osha pia. Kuna ushamba wa kuvaa koti lenye masizi eti ndo uzoefu, mtu anapita nalo mpaka mesi analitundika karibu na sufuria. Acha. Mwaka 2022 wakala wa utafiti wa saratani wa WHO waliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha saratani, kundi moja na sigara. Masizi yale hayaishii kwenye kitambaa. Kama maji ya kufulia yamekatika, basi angalau jipanguse shingo na mikono kabla ya kula na koti libaki nje.

Haya tuje kwenye chakula, maana ndo zamu yenyewe hiyo.

Sehemu nyingi mnachanga, buku mbili au tatu kutegemea mwezi umefika tarehe ngapi, na anapika mwenye zamu ya kupika. Usije na habari za mi sijui kupika. Songa ugali, chemsha maharage, dagaa wakaange na nyanya na ndimu, basi umeshamaliza. Ukiharibu mara ya kwanza watacheka watakula. Ukikwepa mara tatu hiyo hawacheki. Na kama huna hela sema mapema, mwambie mshika hela pembeni, kila mtu pale amewahi kukwama, tatizo ni yule anayenyamaza alafu anatokea na sahani. Kingine, kabla hujatoka mbio kengele ikilia, zima jiko. Unacheka? Zima jiko la gesi, geuza na kichwa cha mtungi. Fikiria Jeshi la Zimamoto linapigiwa simu na jirani kwamba kituo cha zimamoto kinaungua, hiyo aibu utaenda kuisimulia wapi.

Utani upo na utakuwa mwingi. Mpare na Mchaga wakikutana zamu moja hakuna kulala. Simba na Yanga ndo usiseme, derby ikiwa jioni siku ya zamu yenu kituo kinagawanyika mpaka kwenye viti. Jibu utani, usiununie, ila kuna mipaka utaijua kwa kuangalia: mshahara wa mtu, ndoa ya mtu, na tukio ambalo mtu hakufanikiwa kumtoa mhanga. Hilo la mwisho hata marafiki wa damu hawaligusi.

Sasa kengele. Simu ya 114 inapokelewa, anayepokea anajitahidi kumtuliza mtu anayepiga kelele, na maelekezo ya Dar mnayajua wenyewe, "njoo mpaka kwa Mangi, kata kushoto, nyumba ina geti la bluu". Mangi yupi? Ndo maana anayejua mitaa ni dhahabu kwenye zamu. Siku zako za kupumzika tembea kwa miguu eneo la kituo chako, jua njia ipi gari kubwa linapita na ipi ina nyaya za chini, haidranti zipi zinatoa maji na zipi zimefukiwa au mama ntilie kaweka benchi juu yake, alafu andika kwenye kidaftari. Mimi nilikuwa mgeni kutoka mkoani, nilifanya hivyo miezi miwili, mpaka dereva akaanza kunikalisha mbele. Sijawahi kupata cheo kilichonifurahisha kama kile kiti.

Dereva mheshimu sana. Ndo anayewapeleka na ndo anayewapa maji. Akiwa kwenye foleni pale Ubungo au Buguruni na king'ora kinalia na watu hawasogei, wewe nyuma usianze "pita huku, pita kule". Nyamaza vaa vizuri, hakikisha shingo imefunikwa. Maji yakigusa moto yanageuka mvuke unaotanuka kama mara 1,700, kwenye chumba kidogo cha kupanga kule Manzese au Tandale ule mvuke unakurudia wewe, na penye ngozi wazi ndo unapoingilia.

Mkifika jiandae kutukanwa. "Mmekuja hamna maji!" Hii utaisikia mpaka unastaafu. Hesabu yake rahisi tu: chukua gari lenye lita 5,000, toa lita 500 kwa dakika kwenye hozi moja, ni dakika 10 tanki limekauka, ukiweka hozi mbili ni dakika 5. Mwananchi yeye anaona gari limefika, likamwaga, likaisha, anahitimisha mlikuja na gari tupu. Usibishane naye. Nyumba yake inaungua, hata wewe ungetukana. Anayeongea na watu ni kiongozi wa tukio, wewe kazi yako hozi. Ila kuna dawa moja tuliigundua, ukifika tafuta kijana mmoja mwenye sauti, yule yule anayetukana kuliko wote, mpe kazi, mwambie afande wangu nisaidie kuzuia watu wasikanyage hozi. Anageuka askari pale pale, yani atawafukuza mpaka wenye nyumba.

Ndani mnaingia wawili na mnatoka wawili. Hewa ya mmoja ikikaribia kuisha wote mnatoka, hakuna "we tangulia nakuja". Kama mwenzio umemkasirikia kwa ajili ya hela ya dagaa, malizeni kabla ya zamu, kwasababu ndani humuoni, unamjua kwa mkono wake begani tu.

Na shimo la choo. Hapa naomba usome taratibu. Dar simu za mashimo zipo, mtu katumbukia au fundi kashuka kuzibua hajarudi, ndugu yake kamfuata naye kimya. Kule chini hewa safi haipo na kuna gesi ambayo mwanzo inanuka kama mayai viza, ikizidi pua inakufa ganzi husikii tena harufu, unadhani imeisha kumbe ndo inakumaliza. Mama wa mtoto atakushika mguu akulilie uingie. Huingii bila mtungi wa hewa na kamba na watu juu wa kukuvuta. Mwenzako akitaka kuruka kwa huruma mshike hata kwa nguvu, atakuchukia dakika tano. Sajenti wetu mmoja alimkalia mtu kifuani kabisa. Leo wale wawili mtoto wa mmoja ana jina la mwingine.

Mara nyingine tukio zito halipo kwenye moto wenyewe. Waliokuwa Kariakoo lilipodondoka lile ghorofa tarehe 16 Novemba 2024 watakwambia, siku kadhaa pale na JWTZ, polisi, Msalaba Mwekundu na vijana wa mtaani wenye mikono tu, na wakati mwingine kazi ni kunyamaza wote ili asikike aliye chini. Ukirudi nyumbani kelele za kawaida zinakukera, mtoto akiangusha sahani unaruka. Kwetu tukirudi kutoka kwenye tukio la mtoto hakuna anayeenda chumbani peke yake, tunakaa nje kwenye benchi, mtu anapika chai ya rangi yenye tangawizi, drafti linatolewa hata kama hakuna anayecheza. Huhitaji kuongea. Ukiona mwenzio wiki imepita halali, hali, au kaanza kunywa kila siku, usimtangaze kwenye grupu la wasapu, mfuate, kisha mwambie mkubwa mmoja unayemwamini. Kumnyamazia eti unamtunzia siri ni kumtupa.

Sikukuu zinapangika vizuri mkielewana. Idi Wakristo wanashika zamu, Krismasi Waislamu wanashika, Ramadhani ikifika wasiofunga wanachukua kazi za ile saa ya kufuturu, na wanafuturu pia bila aibu. Ila msidanganyane kwamba sikukuu ni mapumziko, Coco Beach na fukwe za Kigamboni zikijaa watu ndo simu za waliozama zinakuja. Masika nayo, Machi mpaka Mei, Jangwani na bonde zima la Msimbazi weka akilini, buti za mpira ziwe karibu na kitanda.

Asubuhi ya kukabidhi jaza tanki la maji, jaza mafuta, mitungi iliyotumika iseme wazi kwenye daftari, na sufuria zioshwe. Zamu inayoingia ikikosa mtu kwasababu kakwama foleni Kimara, usiondoke na kuacha pengo, mshikie hata lisaa. Atakuja anahema, jasho linamtoka, kanunua vitumbua njiani vya kukuomba msamaha. Vichukue.