Kabla ya kutanua Twin Cam 88, kagua vikaza cheni

Ukiwa na pikipiki ya Harley-Davidson yenye injini ya Twin Cam 88 na unataka nguvu zaidi ya barabarani, njia isiyo na makuu ni kuongeza ujazo wa injini kutoka cc 1,450 hadi 1,550. Silinda zile zile za kiwandani huchongwa kutoka milimita 95.25 hadi 98.4, zikapewa pistoni kubwa. Krenki (shafti kuu ya injini) haiguswi, kasha la injini halifunguliwi. Mpelekee fundi mchongaji silinda pamoja na pistoni zake, na anapochonga azibane silinda kwa boliti kama zinavyobanwa kwenye injini, kwa sababu silinda ikibanwa hupinda kidogo.

Ila pesa ya kwanza isiende kwenye pistoni. Injini nyingi za 1999 hadi 2006 zina vikaza cheni vya springi, vinavyokaza cheni za kemu (shafti zinazofungua vali), na pedi zake za plastiki hulika. Zikimeguka, vipande huingia kwenye njia ya oili, pampu inaharibika, na kazi yako yote nzuri inakufa kwa kukosa oili. Fungua kifuniko cha kemu utazame. Ukimudu, weka vikaza vya haidroliki, vinavyosukumwa na oili, na pampu yake.

Uwiano wa mgandamizo ndani ya silinda uishie karibu 9.5 kwa 1. Hii injini hupozwa kwa hewa. Ukipandisha zaidi, foleni ya mchana itaifanya igonge (petroli kujilipukia ovyo ndani ya silinda), hasa kwa petroli ya oktani ndogo. Kemu nayo, chagua inayovuta vizuri kwenye mizunguko ya 2,000 hadi 4,000 kwa dakika. Za mashindano waachie wa mashindano.